Kuku Aliyerudi Nyumbani Kila Siku

Duka langu liko njia panda, pale barabara ya matrekta ya miwa inapokutana na ile ya kwenda Malava, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyepita bila kuniambia mimi Mama Wanzala anaenda wapi. Huo si umbeya. Kwetu Kabras ukikutana na mtu njiani unamsalimia, halafu unamuuliza anaenda wapi, naye anajibu: kusaga mahindi, kanisani, kwa shemeji. Asiyejibu ana lake jambo. Kwa hiyo msinilaumu kabla sijamaliza. Niliuliza kama wanavyouliza wote, ila mimi nimekaa mahali penye wapitaji wengi.

Pascalia, ambaye sisi humwita Mama Bravin, ni jirani yangu. Ana miaka hamsini na saba, na mumewe alishafariki. Mikono yake imepalilia miwa tangu alipoolewa. Alikuwa akitoka na jembe kabla jua halijachomoza na kurudi na mzigo wa kuni kichwani, huku anaimba. Kisha Bravin, mwanawe anayefanya kazi kiwandani, akamwoa Naliaka kutoka Lugari. Siku ya tatu baada ya harusi alilichukua lile jembe la mama yake akalipachika darini, akamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono na kukiweka barazani. Alifanya vizuri. Mama mwenye mkaza mwana akionekana na mtungi kichwani, si yeye anayesemwa, ni mkaza mwana. Naliaka naye alikuwa na adabu, hakumwachia hata ufagio. Basi Pascalia akakaa. Alikaa miaka miwili, akanenepa, akaacha kuimba, nasi tukasema hakika amebarikiwa.

Jumatatu moja ya Januari nikamwona anapita mikono mitupu. Hakuwa na kikapu, hakuwa na mwavuli, hata leso ya kufungia kitu hakuwa nayo. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema anaenda hapo tu. Akaenda mpaka kwenye mizani ya miwa, akageuka, akarudi akitoka jasho. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Ilipofika Ijumaa nilikuwa nimekasirika, nawaambia kweli. Hapo tu ni wapi? Mtu mzima anatembeaje kama ng'ombe aliyekata kamba?

Nikamwambia mteja mmoja, mmoja tu, kwamba huenda pale nyumbani hapikwi obusuma, yaani ugali, wa kutosha, ndiyo maana mama wa watu anazunguka akitafuta chakula kwa majirani. Nilisema kwa kumhurumia. Lakini Jumapili neno lilikuwa limefika kisimani, na Naliaka alirudi nyumbani na maji nusu mtungi, analia.

Sasa niwaeleze nilichokuwa sikijui wakati ule. Desemba, Pascalia alikuwa amekwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimgonga kila asubuhi. Nesi anayeitwa Jepkorir alimpima, akampima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa juu sana. Pascalia aliogopa, maana dada yake Dinah alianguka jikoni mwaka juzi, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi pia. Mpaka leo Dinah analishwa kwa kijiko. Jepkorir alimweleza polepole kwamba mwanamke akishakoma hedhi, ile homoni iliyokuwa ikiisaidia mishipa ya damu kubaki laini hupungua, mishipa inakakamaa, na presha inapanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa. Alimpa dawa za kila siku, akamwambia apunguze chumvi, na akaongeza jambo ambalo Pascalia hakulitegemea: atembee. Nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa haraka kiasi kwamba anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Yeye alidhani dawa ya presha ni kupumzika. Wote tulidhani hivyo. Bravin alishaapa tangu Dinah aanguke kwamba akisikia mama yake ana presha, hatamwacha ainuke kitandani hata kuchuma mboga. Ndiyo maana Pascalia hakumwambia mtu. Jembe hawezi kushika, mtungi hawezi kubeba bila kumwaibisha Naliaka. Kilichobaki ni barabara, na barabarani nipo mimi.

Aliposikia Naliaka anasemwa kwa ajili yake, aliumia. Akafikiri siku mbili, akapata njia. Anayebeba kuku kwapani haulizwi sana. Kila mtu anajua anakwenda kutembelea watu. Jumatano akapita na kuku wake mwekundu, jike mwenye mkia uliokatika, anatembea haraka kama anayechelewa. Nikamuuliza, akajibu kwa sauti nzima, "Nakwenda kumwona mtu." Nikafurahi. Nikasema afadhali, sasa ana safari.

Baada ya nusu saa akarudi. Na kuku.

Jamani, kuku wa kupelekewa mtu harudi. Utakuta mwenyeji hayupo, sawa, hiyo ni siku moja. Alhamisi kuku alikwenda na kurudi. Ijumaa alikwenda na kurudi, na kufikia Jumatatu kuku mwenyewe alikuwa amezoea, ametulia kwapani anatazama miwa. Mimi nawajua kuku wa kijiji hiki mmoja mmoja. Nikakaa kwenye kigoda changu nikajiuliza: kuku gani huyu anayepelekwa mahali kila siku na kukataliwa? Na hapo ndipo nilipolisema lile neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza. Nilisema kuku mwekundu hukataliwa na mganga akiwa si wa rangi aliyoitaka. Nikaongeza kwamba Naliaka ana miaka miwili hajapata mtoto. Sikusema zaidi. Haikuhitajika kusema zaidi.

Siku nne baadaye Naliaka alifunga nguo zake kwenye leso akarudi kwao Lugari. Bravin alimwuliza mama yake mara tatu kuku alikuwa anapelekwa wapi. Pascalia akainamisha kichwa, akasema ni kuku tu. Bravin akatoka, hakula kwake wiki nzima.

Pascalia akaacha kupita. Wiki ya kwanza nilijiambia mambo yametulia. Wiki ya tatu kile kimya kilianza kunikera, nikafunga sukari na majani ya chai, nikaenda. Nilimkuta kwenye kile kiti cha plastiki, amejifunga kitambaa kichwani kwa kubana, macho mekundu. Baraza halijafagiliwa. Nilimuuliza anaumwa nini. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kadi ya zahanati, akanipa. Nikaisoma. Jumanne alikuwa amepimwa tena, na ile namba ya juu ilikuwa imepanda kupita ya Desemba, ijapokuwa dawa alikuwa anameza.

"Jepkorir aliniuliza kwa nini nimeacha kutembea," akasema. "Ningemwambia nini? Nikitembea mtoto wa watu anafukuzwa na maneno. Nikikaa, nitakuwa kama Dinah."

Halafu akanieleza yote kama nilivyowaeleza. Nilisikia aibu ikinipanda toka miguuni. Nikamwambia, "Mama Bravin, yale maneno ni yangu. Yote mawili."

"Najua," akasema. "Nani mwingine anayetazama mkia wa kuku?"

Hakucheka, wala hakunifukuza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angenitukana. Nikamwomba kadi yake na kuku wake. Kesho yake nilifunga duka, jambo ambalo sijafanya hata siku ya msiba wa shangazi yangu, nikasafiri mpaka Lugari na kuku mwekundu kwapani. Mama yake Naliaka, mkulima wa mahindi, mwanamke mrefu asiye na mzaha, alinisikiliza nikiwa nimesimama. Kiti hakunipa. Nilisema kila kitu mbele ya Naliaka: nilichoona, nilichobuni, na nilichokisoma kwenye kadi. Niliwaonyesha. Naliaka aliishika kadi muda mrefu akifuata namba kwa kidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama alikuwa ananificha ugonjwa ili nisisemwe?" Akaingia ndani kufunga nguo zake.

Mama yake alinitazama juu mpaka chini, akaniambia mengi ambayo nilistahili na sitayarudia hapa. Mwishowe akanyoosha mkono akampokea kuku. Kuku huyo hakurudi.

Bravin alipoelezwa alikaa chini kwenye ngazi ya baraza akafunika uso. Kisha akapanda darini akalishusha jembe. Naliaka alikataa kabisa jembe lishikwe na mkwewe, wakabishana, wakakubaliana: mboga za nyuma ya nyumba ni za mama, miwa ni ya wengine, na barabara ni ya mama kila asubuhi.

Ningemalizia hapo ningekuwa nimejisitiri. Lakini siku ya kupimwa tena nilimsindikiza Pascalia zahanati, kwa toba. Presha yake ilikuwa imeanza kushuka. Jepkorir akafurahi, halafu akanigeukia, akaniuliza nina miaka mingapi. Hamsini na tano. Hedhi? Ilikoma zamani. Kazi? Nakaa dukani. Akanifunga ule mkanda mkononi huku nikimwambia mimi sina shida, ni kichwa tu ambacho nakimezea panado. Ukajaa upepo, ukabana, ukaachia. Jepkorir akanipima mkono wa pili.

Miaka kumi na tisa kwenye kigoda, nikiwahesabia wenzangu hatua.

Asubuhi iliyofuata Pascalia alisimama mbele ya duka, mikono mitupu. "Funga," akasema. Nikafunga. Tulipofika karibu na mizani nilikuwa nahema vibaya, yeye ananingoja na kunisukuma mgongoni. Dorothy wa kwaya akatokea upande wa pili na mzigo wa majani ya ng'ombe, akatusalimu, akatutazama mikono.

"Mama Wanzala," akaniuliza, "mnaenda wapi?"

Mimi, niliyemuuliza kila mtu, nikataka kusema hapo tu.

"Hatuendi mahali," Pascalia akasema, kwa sauti ambayo hata wakata miwa waliisikia. "Tuna presha sote wawili. Tunatembea." Akanishika kiwiko, tukaongeza mwendo.