Kapita na Kanzu ya Baba

Wenzangu mliokulia Rumonge wakati mawese yanakamuliwa kwa nguvu za kifua, ninyi ndio nawaandikia. Wa leo wakitaka wasome, wasipotaka wabaki na simu zao.

Simu ndiyo imenikasirisha. Mjukuu wangu Shabani, anayekaa na ndugu zake katika nyumba yangu ya Bujumbura, anataka kufuga mbwa wa aina ya berje, wale wakubwa wa masikio yaliyosimama ambao polisi wanatembea nao. Hajawahi kufuga hata kuku. Familia nzima wananipigia: "Bibi, mukataze. Tumesoma mu simu, hiyo aina si ya mutu anayeanza." Nyumba ni yangu, kwa hiyo neno ni langu. Na mimi niliyesoma miaka miwili tu, nikatolewa shule kwenda kubeba ngazi, yale mashada ya matunda ya michikichi, nikacheka peke yangu. Mtu anayeanza! Mimi nilianza na Kapita.

Mnamkumbuka? Alikuwa berje wa Mugiriki mmoja aliyenunua mawese karibu na soko. Mugiriki alipofunga duka akarudi kwao, mbwa akabaki. Jina lake la kizungu halikutoka vizuri midomoni mwetu, tukamwita Kapita, maana tukicheza mpira wa majani ya migomba alituzunguka mbio na kutukusanya sehemu moja, kama kapita wa shamba anavyokusanya vibarua. Aliyechelewa alibanwa kisigino kwa meno. Fundi cherehani alimchukua, akamrudisha siku ya nne pamoja na suruali za wateja vipande vipande. Muuza chumvi alivumilia wiki moja. Wanaume wakakaa wakaamua: apandishwe mtumbwi, afungwe jiwe, ziwa limalize.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikamwendea Baba kwenye mashini yetu, lile pipa la chuma ambalo wanaume wanne walilizunguka wakisukuma miti, jasho na mafuta yamechanganyika hujui kipi ni kipi. Nikasema namtaka huyo mbwa. Wanaume wakaacha kusukuma.

"Wewe?" Baba akauliza. "Bata moja tu ulipewa uchunge, ikaenda zake mu ziwa mpaka leo. Sasa unataka chui?"

"Bata haikuwa na akili, Baba. Hii iko na akili nyingi, ndiyo maana inasumbua."

Jirani yetu Mama Hadija, aliyekuja kununua mafuta, akapiga makofi. "Mutoto mwanamuke, Mwisilamu, na mbwa! Nani atakuoa?" Kwa taarifa yake, niliolewa mara mbili, na mara zote mbili nilichagua mwenyewe.

Baba hakuwa mtu wa kelele. "Atakaa hapa ku mashini alinde mafuta," akasema. "Mu nyumba yangu haingii. Akikulamba, nguo unafua mara saba, moja na udongo, wewe mwenyewe, si mama yako. Akiuma mutu mpaka damu, jiwe liko pale. Tutaona nani atachoka wa kwanza."

Kwamba mate ya mbwa ni najisi, kila mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Kujua ni rahisi. Kufua ndiyo kazi. Nilikuwa na magauni mawili tu, na Kapita alikuwa na ulimi mmoja mrefu sana. Wiki ile ya kwanza nilishinda ziwani. Vidole vilichubuka, harufu ya samaki wa mukeke anayekaangwa na Mama kwenye mawese ikinifuata mpaka majini, tumbo linanguruma, na mimi bado niko mara ya nne. Wenzangu waliokuwa wanaruka kamba mchangani walinihesabia kwa sauti: "Tano! Bado mbili!" Wengine wenu mlikuwepo. Msijifiche.

Vidole ndivyo vilivyonifundisha. Kama kuguswa ni kufua, basi asiniguse. Akija kurukaruka nilimpa mgongo, nikasimama kama nguzo. Akichoka, akakaa chini umbali wa mkono, hapo ndipo nilipomrushia kichwa cha mukeke. Akisogea, hakuna kichwa. Na kila alfajiri, kabla ya chuo, nilikimbia naye mchangani hadi miguu yangu ikalegea, kwa sababu niliona kwamba mbwa aliyechoka hana muda na suruali za watu. Mwezi wa pili nilifua mara moja tu.

Halafu ikafika Idi. Baba alipita kwenye mashini akitoka kuswali, na wazee wanne, kanzu mpya nyeupe inameta. Kosa lilikuwa langu, nalisema wazi: nilimfunga Kapita kwa kamba iliyolowa mawese, na fundo la kamba ya mafuta halishiki. Kapita akaona wanaume watano wanatembea kila mmoja na upande wake, akaona kazi yake imefika. Fundo likateleza. Akaenda mbio, miguu yake myekundu kwa mafuta. Wazee wakatawanyika. Baba hakukimbia.

Nililiona lile jiwe, nawaambia. Nikaita mara moja: "Kaa!"

Vumbi likapanda. Liliposhuka, Kapita amekaa mbele ya Baba, umbali wa mkono mmoja, ulimi nje. Baba akaitazama kanzu mbele, akageuka akaitazama nyuma. Hakuna hata tone. Akaokota ile kamba, akainusa.

"Hii imeoza na mafuta. Iko mupya ku nyumba, nyuma ya mulango. Mufunge kule mu uwanja ya nyumba. Wezi wanapita kule pia."

Mama Hadija siku ile hakupiga makofi. Kapita alilinda lango letu mpaka uzee ulipomchukua, na hakumtoa mtu damu.

Basi nikampigia Shabani. Kuhusu aina ya mbwa sikumuuliza. Nilimuuliza anaamka saa ngapi.

"Saa mbili, Bibi."

Saa mbili! Saa hiyo mimi na Kapita tulikuwa tumekimbia, tumekula, na mimi nimekwisha chapwa chuoni. Nikamwambia anunue kamba tu. Siku arobaini, saa kumi na moja alfajiri, atembee na kamba tupu. Akiruka siku moja, anaanza upya. Akimaliza, alete mbwa anayemtaka, na asiyetaka kumwona ahame nyumba yangu.

"Bibi, watu watanicheka!"

"Wacheke. Mimi walinihesabia mpaka saba."

Siku hizi mashini zangu zinazungushwa na mota, gauni linafuliwa kwa sabuni ya unga, na mchangani alfajiri hukuti mtoto anakimbia. Mimi mwenyewe magoti yamekataa. Lakini asubuhi hii nimempigia Shabani. Ameanza upya mara mbili, sasa yuko siku ya kumi na mbili. Alikuwa anahema, na nyuma yake nikasikia wauza maziwa wanapiga kelele: "Mbwa yako iko wapi, bwana?"

Nikamwambia asiwajibu, aendelee kutembea.