Kanda za Jirani

Oktoba ikiingia, maboga ya Halowini, sikukuu ya kutishana, yakishapangwa vibarazani, Velma huvuka ua kwenda kutazama sinema za kutisha kwa jirani yake mjane. Kila jioni mzee yule hutoa kanda moja ya video kabatini, huifuta kwa pindo la shati na kuitia kwenye deki taratibu kama anayelaza mtoto. Wafu wakifufuka, hatikisiki. Lakini kikijipenyeza kipande cha tangazo la sabuni, midomo yake hucheza, akilikariri neno kwa neno. Marehemu mkewe ndiye aliyezirekodi kutoka kwenye televisheni, na kidole chake hakikuwahi hata siku moja kuyakata matangazo kwa wakati.

Juzi binti yao akaleta diski mpya za sinema zilezile. "Hizi safi, baba, hazina matangazo. Yale makorokoro nimeyatupa."

"Makorokoro?" Velma alifoka. "We mtoto, una adabu kweli?"

Mzee alitoka na soksi tu miguuni hadi kwenye pipa la taka, watoto waliovaa mavazi ya mifupa ya Halowini wakimpisha. Akarudi amezikumbatia kanda.

"Kwenye hizo safi zako," alimwuliza bintiye, "mama yako yuko wapi?"