Dawa Niliyomchanganyia Dada Yangu

Kutoka Isongole mpaka Tunduma hakuna kijana mzuri kunishinda mimi, na anayebisha hana kioo kwao. Nina miaka ishirini na mbili, kwetu ni Mbozi, baisikeli naiendesha mikono ikiwa mfukoni, na shule niliiacha mimi darasa la nne, haikuniacha yenyewe. Bwana Mhariri wa ukurasa huu amekubali kulificha jina langu. Wasichana mshukuruni, maana lingetoka mngeng'oana nywele.

Lakini leo sikuandika kujisifu. Nimeandika kwa hasira, na kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Nina mdogo wangu wa kike, tumwite Rehema. Alichumbiwa na kijana wa Msangano, mpole, anacheka kabla hujamaliza kumtania. Mahari ilipokelewa, kanisani wakatangazwa Jumapili ya kwanza. Taabu ikawa moja tu: chawa. Walimjaa Rehema kichwani mpaka akawa anajikuna katikati ya sala. Mama akataka kumpaka mafuta ya taa.

"Mama, hayo ya kizamani," nikamwambia. "Mwanao anafanya kazi kwa Mzungu."

Nafanya kazi kwenye shamba la kahawa, tunapuliza dawa ya wadudu. Ni unga mweupe, unanuka kama nguo iliyooza kabatini. Nikaiba kidogo, nikautia kwenye kopo la sigara. Siku ya kwanza tulimnyunyizia mkavu, ukapeperuka wote. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikaukoroga na mafuta ya nyonyo ndani ya chupa, ili ugande. Jioni mama akamsugua nao kichwani, shingoni na mabegani, maana bibi arusi lazima ang'ae. Baada ya siku tatu chawa wote chali. Majirani wakaniita daktari, nami nikaitika.

Tukaendelea kumpaka, mng'ao ulitupendeza. Kisha vidole vya Rehema vikaanza kutetemeka. Akimwaga uji, mimi namcheka.

"Kaka, mbona naona vitu vinacheza?"

"Ni huyo mwanamume wa Msangano. Subiri akuoe, utaviona vinaruka."

Jumapili ya pili, mchungaji akiwa anasoma jina lake, Rehema akaanguka. Akakakamaa, akatupa miguu, povu likamtoka. Shangazi wa bwana arusi alikuwa benchi la pili. Akapiga kelele, "Msimguse! Mate hayo, yatawaambukiza!" Na watu wale wale waliotoka kuimba habari za upendo wakarudi nyuma kama wameona nyoka. Ni mama peke yake aliyempakata. Yule shangazi alikuwa amekunja gauni lake lisiguse sakafu! Hata leo nikimkumbuka nasaga meno.

Hospitali ya misheni ikaandika kifafa. Wiki haijaisha, mshenga akaja, hata kukaa hakukaa.

"Mama, poleni sana. Kwetu hatuoi kifafa."

"Ukoo wetu haujawahi kuwa nacho!"

"Basi mama, kimeanza na yeye."

Akaondoka. Rehema alikuwa nyuma ya mlango, alisikia yote.

Nikamfuata karani wa stoo ya dawa pale shambani nikiwa nimekunja ngumi. Nikamuuliza, kwa mfano tu, mtu akijipaka unga ule kichwani itakuwaje. Akanitazama. "Ngozi inakunywa, bwana. Na ukitia mafuta ndiyo inakunywa zaidi. Unapanda mpaka kwenye ubongo. Kwani wewe si msomi? Hukuona fuvu kwenye debe la dawa?"

Fuvu nililiona. Nilidhani ni la mdudu.

Na maneno yote ya debe ni Kiingereza! Karani anavaa glavu mpaka kwenye viwiko, sisi tunaokoroga tunapewa kijiti. Siku zote hizo hakufungua mdomo, mpaka nilipomuuliza mimi. Huyo naye anajiita mtu.

Sasa huu ni mwezi wa tatu tangu niimwage ile chupa, na Rehema hajaanguka tena hata mara moja. Hatetemeki. Si kifafa, ni unga! Lakini Msangano nasikia wanatafuta msichana mwingine, na hapa kwetu wenzake kisimani wanasubiri achote aondoke ndipo wateke. Nikienda kusema ukweli, huenda kijana akarudi, maana nasikia naye hali chakula vizuri. Ila yule Mzungu atanifunga kwa wizi, na mama atajua kuwa ni mikono yake iliyokuwa ikimsugua mwanawe sumu. Wasomaji, mimi mwenye majibu ya kila kitu hili limenishinda. Niende Msangano, au nianze na mama? Niambieni.

Ila mnijibu mkijua na hili. Siku ile ya hospitali, dresa, yule mganga msaidizi aliyetupima, aliinama akanusa kichwa cha Rehema. Akauliza, "Huyu amepakwa dawa gani?" Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria na lile jina la daktari.

"Mafuta tu, bwana dresa," nikasema.

Akaandika kifafa, akaturudisha nyumbani. Jioni mama akaishika chupa, akampaka tena. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao, nikitazama, na moyoni nilishaanza kushuku. Usiku huo Rehema aliangukia moto mekoni, na mkono wake wa kushoto mpaka leo haukunjuki.