Ripoti ya Pinga Yenye Nilifunga

Naandika hii nikiwa na haya bado, na kama ungekuwa mu sale ya mikutano ya parokia siku ile ya maonyesho, ungeelewa kwa nini nikipita sokoni kwetu Karuba naangalia chini.

Kuko programu moja ya bure ya kuandikia points, alama za wanafunzi, mu telefone. Inatengenezwa na watu wa kujitolea wa inchi nyingi, na mwenye kuitumia akiona kasoro anatuma ripoti. Mimi (ule asiyewezaka hata kuinua mukono mu classe) nilikusanya wenzangu sita tuwe tunasoma ripoti za huku kwetu, tunajaribu kama kasoro iko ya kweli, tunazipanga, kisha tunazipeleka kwa wenye kutengeneza. Kazi ya kimya, ya muntu kama mimi.

Sasa Papa Préfet, mukubwa wa masomo yetu, akasema tuonyeshe wazazi kazi yetu, na liste ya ripoti ilikuwa ingali ndefu, nikaona haya, nikakata shauri moja ndogo: kila ripoti yenye mwenyewe hakujibu maswali yetu mu juma moja, nafunga. Mwalimu mumoja wa kule Pinga aliandika kama points zinafutikaka saa ingine; nilikuwa nimejaribu kwangu, programu ikaenda vizuri, basi nikamwandikia, "Hujajibu, na kasoro hatuioni, endelea kutumia," nikafunga.

Siku ya maonyesho ukuta ulionyesha: ripoti zenye kubaki, zero. Watu wakapiga makofi. Njo papa mumoja akasimama kule nyuma, matope mpaka magotini.

"Mimi njo mwalimu wa Pinga. Dada, uliandika sikujibu. Réseau ya telefone kwetu iko ku kilima, na kule napandaka siku ya soko tu."

"Lakini Papa, nilijaribu, inaenda," nikasema (sauti yangu hata miye sikuisikia).

"Ulijaribu na réseau ao bila?"

Nikaangalia telefone: réseau ilikuwa inawaka, kama siku yenye nilijaribu.

"Basi uizime, tuone."

Ningesema tutaangalia kesho. Lakini sale yote ilikuwa inaniangalia, na telefone yenye kuonyesha ku ukuta ilikuwa ya Papa Préfet, nikazima réseau, nikaongeza point moja ya uongo mu classe yetu, nikawasha tena, na points za classe nzima zikafutika, mustari kwa mustari, mbele ya wazazi wenye walikuja kutusifu.

"Zangu zifutike tu, hazikuwa na faida," Josué wa kundi letu akasema, watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Masomo yetu iko na registre ya karatasi, kitabu chenye points zote. Yeye aliniamini, akaandika points za examen mu telefone tu, zikafutika, na copies, karatasi za majibu, alikuwa amesharudishia watoto, mama zao walishazifungia karanga za kuuza.

"Watoto watarudilia examen," akaniambia pole pole. "Kuko mutoto mumoja, Neema, alipata makumi tisa ku mia. Sijui nitamuambia nini."

Nilifungua tena ripoti yake jioni ile ile, na wenye kutengeneza wakaondoa kasoro. Wenzangu watatu waliacha kundi. Siku ya soko mwalimu aliandika: Neema alirudilia akiwa na malaria, akapata makumi ine.

Sitafunga tena ripoti juu ya mwenyewe kunyamaza. Sasa maswali ya Pinga tunaandika ku karatasi, tunapatia motard, mutu wa pikipiki wa kwenda kule, tunangoja. Barua ya Neema, ya kumuomba musamaha, nimeianza mara tatu, bado sijampatia motard.