Abiria wa Oksijeni

Niliyakana mapafu yangu mwenyewe uwanja wa ndege, kanisa zima likinitazama.

Cheka ukitaka. Mimi bado sijaweza.

Naitwa Ndegwa. Nilikula vumbi la mbao kwenye mashine za kupasua mbao kule Elburgon mpaka mapafu yakaharibika. Mwaka jana, Januari, niliombewa kanisani kwetu Nakuru. Nikapumua vizuri wiki nzima, nikasimama mbele nikashuhudia kwamba nimepona. Watu walilia kwa furaha.

Haukupita muda kifua kikabana tena. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikanyamaza, maana tayari walikuwa wananiita Mzee Ushuhuda, na nilikuwa nimelipenda hilo jina.

Agosti, binti yangu Shantel akajifungua huko Kanada, akanikatia tiketi. Shirika la ndege likasema mgonjwa wa mapafu hapandi bila barua ya daktari.

"Daktari, si uandike tu niko sawa?"

"Mzee, huko juu hewa ni kidogo. Utaenda, lakini na oksijeni kwa pua mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo naandika."

Nikakubali. Nilipanga kuagana na watu mlangoni, oksijeni tukutane huko ndani. Nilijiona mjanja sana.

Lakini mnatujua. Mtu wetu haendi ng'ambo bila kusindikizwa. Wakakodi basi, kwaya ikavaa sare, tukaimba mpaka Nairobi.

Pasta alikuwa katikati ya maombi ya kuniaga, msichana wa uwanjani akaja na kiti cha magurudumu.

"Sorry, Mr. Ndegwa ni nani? Yule passenger wa oxygen?"

Pasta akafungua jicho moja.

"Si mimi," nikasema.

"Sawa, mzee. Lakini asipojitokeza tunamtoa kwa flight."

Akageuka na kiti chake kwenda. Nikamfikiria mjukuu wangu. Nikamwita msichana arudi, nikakaa kwenye kile kiti. "Ni mimi."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka.

Kisha Njoki, jirani yangu anayeimba kwaya, akaja akainama karibu kabisa na uso wangu. Nilidhani ananifariji.

"Baba Shantel, kumbe hukupona?"

"Nilipata nafuu kidogo, halafu ikarudi."

"Na hukutuambia." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Mimi niliacha dawa za sukari siku ile ulishuhudia. Nikasema kama Mungu amemfanyia Ndegwa, hata mimi atanifanyia."

"Njoki, na sasa uko aje?"

"Macho imeanza kupotea. Hata wewe, nimeinama hivi ndio nikuone."

Nilimsihi Pasta ampeleke hospitali siku hiyohiyo, na Jumapili atangaze kwamba Ndegwa bado mgonjwa. Nikasukumwa ndani nikilia.

Ndugu yangu, ukiponywa, sema. Ugonjwa ukirudi, simama tena palepale uwaambie walewale. Huwezi kujua ni nani ametupa dawa zake kwa sababu yako.