Kibuyu cha Uji Kilichowalaza Chini Wakubwa wa Thika

Aibu hii nimeibeba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, maana sokoni Ruiru bado kuna vikongwe wenzangu wanaoisimulia vibaya, wanaongeza chumvi, ati askari alizimia, na askari hakuzimia, alilala tu chini kama wengine.

Siku hizi wajukuu wangu wakikaa hapa nyumbani hawana habari nyingine ila kwenda ng'ambo. Huyu anataka Kanada, yule Ujerumani, na wote wanamtaja Njoroge, ndugu yangu wa mwisho, aliyekwenda Uingereza akiwa fundi wa mitambo, si mtu wa kutangatanga akitafuta cha kuosha. Wanasema, "Cucu, yule alipanga maisha yake." Mimi huwa naendelea kuchambua mboga zangu. Alipanga? Nilipanga mimi! Na siku moja tu, kwa kiburi changu cha kupika, nilikaribia kuipasua mipango yote vipande vipande mbele ya watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hali ya hatari ya mkoloni haijaondolewa lakini imeanza kulegea. Tulikuwa tukikaa katika kijiji cha kulazimishwa karibu na Ruiru, nyumba zimebanana hadi ukikohoa jirani anakuambia pole, na kwenda hata Thika hapo lazima uwe na pasi ya kumwonyesha askari. Mume wangu alikuwa kizuizini, baba alikuwa amefariki, kwa hiyo mwanamume wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Shule niliiona kidogo tu, nikajua kuandika jina langu, halafu nikapewa kikapu nikachume kahawa kwa mzungu. Lakini nilichuma kahawa ile hadi Njoroge akamaliza darasa la nane, na alifaulu vizuri, sisemi hivyo kwa sababu ni wetu (ingawa ni wetu).

Njoroge mwenyewe alitaka kwenda Ulaya mara moja, hivyo hivyo alivyo, na suruali yake moja. Kulikuwa na kijana wa jirani aliyefanya hivyo, akateremka Mombasa akadandia meli, na habari zilizorudi ni kwamba alikuwa akibeba makaa mahali penye baridi, hana kazi anayoijua, hana wa kumtafuta. Nikamwambia ndugu yangu, "Muru wa maitu," (ndivyo tunavyoitana sisi, mtoto wa mama yangu) "huko kwao mikono mitupu wanayo ya kwao tele. Wewe kwanza ujue kazi. Uingie chuo cha ufundi Thika, ukitoka ufanye kazi hapa hapa viwandani mpaka mashine ikikuona inyamaze. Hapo ndipo utakwenda, na utakwenda ukisubiriwa." Alinuna kama wiki hivi, halafu akakubali, maana mimi nikianza kusema jambo sichoki.

Basi siku ya kuhojiwa ikatangazwa. Vijana waende ukumbi wa baraza Thika, wakubwa watawaangalia, wachache wachukuliwe. Wachache sana, tuliambiwa, na asiyechukuliwa mwaka huo asijisumbue tena, kwa sababu umri utakuwa umempita. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au makonge, maana kazi ya makonge ndiyo iliyokuwa ikiwangoja vijana wote wa kwetu.

Usiniulize kwa nini sikumpa tu senti akanywe chai na mkate hotelini Thika. Watu wote walifanya hivyo. Lakini mimi nikasema, ndugu yangu hawezi kusimama mbele ya wazungu na chai ya maji tumboni, atakunywa uji wangu. Uji wa wimbi wa kuchacha, ule unaokaa kwenye kibuyu siku kadhaa hadi ukaanza kukuuma ulimi, ukiunywa asubuhi unalima hadi jioni. Nikauweka kibuyuni. Na kwa vile ilikuwa siku kubwa nikatia sukari (na sukari wakati ule haikuwa kitu cha kutia ovyo), nikatia tena.

Sasa, kibuyu cha uji wa kuchacha huzibwa kwa majani yaliyosokotwa, yanalegea kidogo, uji unapumua. Mama yangu alinifunza hivyo nikiwa mtoto. Lakini nilikuwa nimeazima gauni la jirani, jeupe lenye maua, na nikaliona lile gauni limemwagikiwa na uji kabla sijafika Thika. Nikachonga kizibo cha mti, nikakigongelea kwa jiwe, nikazungushia nta ya nyuki pande zote. Nikakigeuza kibuyu juu chini, hakikutoa hata tone. Nilijipongeza sana. Mama akanitazama kutoka kitandani akasema, "Huo uji umeufunga kama mwizi."

Nikamjibu, "Maitu, wewe lala."

Tulipata nafasi nyuma ya lori la kahawa lililokuwa likienda Thika, tukakaa juu ya magunia, pasi zetu mkononi, jua linatuchoma, barabara inaturusha. Juja ya siku hizo ilikuwa makonge matupu kulia na kushoto, hakuna chuo kikuu, hakuna hizi nyumba za wanafunzi. Njoroge alikuwa akisemasema peke yake majibu ya hesabu. Mimi kibuyu kilikuwa ndani ya kiondo mapajani, kina joto kama mtoto mwenye homa, nikafurahi, nikasema atakunywa uji ukiwa moto.

Tulipofika ukumbini, karani mmoja mwembamba aliyevaa tai akatuambia wazazi na ndugu tukae nje. Wengine wakakaa nje. Mimi nikangoja ageuke, nikaingia, nikakaa kwenye benchi la mwisho kabisa karibu na ukuta, kwa sababu Njoroge alikuwa bado hajanywa kitu na nilikuwa nimeapa hataitwa na tumbo tupu. Mbele kulikuwa na meza ndefu. Alikaa mzungu mmoja mnene mwenye upara na masharubu, ndiye mkubwa wa chuo, na kando yake chifu, na mwalimu mmoja, na yule karani wa kutafsiri. Mlangoni alisimama askari na bunduki. Vijana wamekaa kimya kwenye mabenchi, unasikia nzi.

Nikamfanyia Njoroge ishara. Akatikisa kichwa, hataki. Nikafanya tena kwa nguvu zaidi. Akageuka akatazama mbele kama hanijui. Nikasema moyoni, ukiniona namimina utakuja tu.

Na uji wa kuchacha hutikiswa kabla ya kumiminwa, maana maji hukaa juu na unga chini, kila mwanamke wa kwetu anajua. Nikakitoa kibuyu kwenye kiondo, nikakitikisa. Nikakitikisa vizuri.

Wee! Ngai! Sikukigusa hata kile kizibo. Kilitoka chenyewe, *paa!*, kikapiga mabati ya paa, *ngwaa!*, kikarudi chini sijui wapi, na uji ukapanda juu kama umeitwa. Na mnajua miaka ile mlio wa namna hiyo ulikuwa na maana gani. Ukumbi mzima ulilala. Vijana walilala, mwalimu alilala, chifu aliingia chini ya meza akamkuta mzungu amefika kabla yake. Askari naye akalala mlangoni, bunduki ameielekeza kwenye benchi la mwisho, na kwenye benchi la mwisho nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, nimesimama wima, nimekumbatia kibuyu, uji unanidondoka kwenye nyusi na kwenye maua ya gauni la watu.

"Wewe mama! Weka silaha chini!"

"Silaha gani, afande? Ni uji."

"Uji inalia kama bunduki?"

"Ilikuwa na sukari," nikasema. Ndiyo jibu lililokuja.

Kuna kijana mmoja alicheka pale sakafuni, halafu mwingine, lakini askari hakucheka. Alikuja akinyata, akachungulia kibuyu, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Kunywa nione." Nikanywa uliobaki, mbele ya ukumbi wote, *gubu gubu gubu*, na sikuwa na njaa.

"Uko na nani hapa?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikujiogopea mimi. Nilimwona Njoroge anainuka sakafuni polepole, uso wake umekuwa kama majivu, nikajua nikisema tu neno moja, kijana ambaye mume wa dada yake yuko kizuizini na dada yake amepiga kitu kinacholia kama bunduki, huyo hataulizwa hesabu, atapakiwa kwenye gari. Nikasema, "Niko peke yangu, afande. Nimeingia kujikinga jua."

"Kujikinga jua na kibuyu?"

"Lilikuwa kali."

Mzungu alitoka chini ya meza. Alikuwa na uji kwenye masharubu, kidogo tu, lakini pale mtu anapouona. Akasema kitu kwa sauti ya chini, karani akatafsiri kwamba nipewe ndoo na tambara nipige deki ukumbi wote, na vijana waendelee kuitwa, wamepoteza muda wa kutosha. Nikashukuru Mungu. Nikapiga magoti katika lile gauni nikaanza kusugua, na watu waliokuwa nje sasa wamejaa madirishani. Nasikia mwanamke mmoja akimwuliza mwenzake, "Ndiye huyo?" Naye anajibu, "Ndiye. Alikuwa anataka kuwaua kwa wimbi."

Wakaita mmoja, wakaita mwingine, mimi nasugua kwenda mbele. Uji ulikuwa umefika mbali. Nilikuwa nimeinama kabisa chini ya meza, katikati ya viatu vya wakubwa, niliposikia karani anaita jina la Njoroge.

Sikuona uso wake, niliona miguu tu. Alikuwa na viatu vya kuazima. Wakamwuliza hesabu, akajibu. Wakampa kipande cha chuma na msumeno aseme angekikata vipi, akaeleza vizuri, taratibu, nikaanza kupumua. Halafu mzungu akauliza kupitia karani, "Ukimaliza chuo utafanya nini?"

"Nitafanya kazi hapa viwandani kwanza, bwana, mpaka niijue sana. Baada ya hapo nataka kwenda Uingereza nikafanye kazi kwenye mitambo yenu mikubwa. Sitaki kwenda kabla sijawa fundi."

Karani akatafsiri. Mzungu akacheka kidogo puani, akasema kitu.

"Anauliza ni nani alikupangia haya. Vijana wa umri wako hawapangi hivyo."

Nikatoa kichwa chini ya meza upande wa Njoroge, nikamkazia macho, nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Hapana. Usinitaje. Sema baba, sema mwalimu, sema padri, sema uliota. Akaniona. Nikarudi chini upesi, lakini najua aliniona, kwa sababu viatu vile vilisogea kidogo.

"Ni huyo anayepiga deki," akasema. "Aliye chini ya meza. Ni dada yangu. Kahawa aliyochuma ndiyo imenisomesha."

Ũũi! Nilishtuka nikainuka ghafla, nikagonga meza kwa kichwa, wino ukamwagika, na mkono wangu ukaisukuma ndoo, maji yote ya deki yakaingia kwenye viatu vya mkubwa wa chuo. Mlangoni askari akapaza sauti, "Mama! Si ulisema ulikuwa unajikinga jua?" Madirishani watu walikuwa hawajiwezi. Mimi nikabaki pale chini, nimeshika tambara, nikimwangalia mzungu akinyanyua mguu mmoja, akiutikisa, akinyanyua wa pili. Njoroge alikuwa amesimama wima tu, hakurudi nyuma hata hatua moja, jasho linamtiririka.

Mzungu akaiweka miguu chini tena. Kisha akamwambia karani maneno machache, na karani akakohoa kwanza ili asicheke.

"Anauliza kama huyu dada yako naye atakuwa akija chuoni."

"Hapana, bwana," akasema Njoroge. "Huyu anabaki Ruiru."

"Basi anasema uanze Jumatatu."

Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, maana hakuna mwenye lori aliyetaka kunibeba na ule uji, nzi wananifuata kama arusi. Nilimgombeza hadi sauti ikaisha. "Nilikutikisia kichwa! Umenitaja, je, wangekupakia kwenye gari ungesemaje?"

Naye akasema, "Mwari wa maitu, ningesema nini? Ulikuwa na uji masikioni, nikadhani unautikisa utoke."

Tukacheka hadi tukakaa kando ya barabara. Gauni la jirani nililifua mara nyingi na halikurudi kuwa jeupe, nikamchumia kahawa yake msimu mzima. Njoroge alisoma, akafanya kazi Thika miaka mingi kuliko alivyotaka, na alipopanda ndege alikuwa na kazi inayomngoja na watu wa kumpokea, kama nilivyosema. Mimi nilibaki na jina. Hadi leo kuna watu Ruiru wanaonijua kwa jina la Mama Bomu, na watoto wao hawajui lilitoka wapi.

Kwa hiyo wajukuu wangu wakipanga mambo yao nawasaidia kwa mdomo, na mdomo ninao. Nawaambia wajue kazi kwanza, wasikimbilie ndege. Lakini ile siku ya kuhojiwa nawashika mkono pale stendi, nawaombea kwa sauti ya kutosha, halafu nageuka narudi shambani kwangu, na hata wakinisihi vipi sivuki barabara kuwafuata.