Magaga ya Bwana Yesu

Panya walipokitafuna kitambaa cha madhabahu, wakashiriki meza ya Bwana bila hata kubatizwa, wazee wa kanisa walimkumbuka Mama Sindano. Miaka sita walikuwa wamemsahau. Mara ya mwisho aliingia ofisini mwao analia: mumewe, mzee wa kanisa mwenzao, alikuwa amehamia kwa mwimba kwaya mmoja, yeye na begi na redio. "Vumilia, mama, tutakuombea," wakamwambia. Mume akabaki na cheo chake na kiti cha mbele. Mama Sindano akabaki na cherehani, na benchi la mwisho karibu na ndoo za usafi.

"Dada yetu," mchungaji alisema safari hii, sauti imejaa asali, "askofu anakuja mwisho wa mwezi. Tudarizie kitambaa kipya chenye Bwana Yesu."

Shule aliisikia kwa majirani tu, lakini sindano mkononi mwake ilikuwa na akili zake. Alidarizi kuanzia chini kwenda juu, kama kawaida yake. Akaanza na visigino. Hivyo alivijua, kila Jumamosi alipiga magoti kwenye sakafu ya kanisa na tambara, visigino vya watu vikimpita puani. Akavitia magaga kwa uzi wa kahawia, ufa kwa ufa. Akapanda na kanzu, mgongo, mabega yaliyochoka. Kichwani akakwama. Siku mbili sindano ilining'inia hewani. Kila alipofumba macho amwone usoni, aliona kisogo. Ndicho alichokiona miaka yote sita aliyomwita.

"Haya," akasema. "Unachonionyesha ndicho nitakachodarizi."

Akaapa kimoyomoyo kwamba wazee wakikikataa kitambaa, hamwiti Yesu tena.

Ijumaa akakitandaza juu ya meza ya ofisi. Wazee wakakitazama kama watu walioletewa maiti isiyo yao.

"Uso uko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Upande wa pili."

Mwenyekiti, mtu mzima na miwani yake, akakigeuza kitambaa kuangalia. Akakuta mafundo ya nyuzi.

"Na haya magaga?" akafoka. "Mwana wa Mungu ana magaga?"

"Kwani alikuwa na gari?"

Mumewe akasimama. "Huyu mwanamke ana hasira zake, anambebesha Yesu. Mtie uso leo hii!"

"Ulishamwona?"

"Kila mtu anamjua! Ana ndevu."

"Hata wewe unazo."

Mchungaji akakohoa kuzuia kicheko. Mama Sindano akamgeukia, sindano tayari mkononi.

"Baba Mchungaji, nieleze wewe alivyo. Nitamalizia hapa hapa."

Mchungaji akainama juu ya meza. Akavitazama vile visigino.

"Mimi pia huwa namwona hivyo," akasema polepole, kama mtu anayekiri wizi wa kuku. "Kitandikwe."

"Na askofu je?" mume akauliza.

"Akitaka kingine, akadai kwa panya."

Jumapili askofu alikisifu kitambaa. Alisema Bwana anatangulia, anatuongoza, ndiyo maana tunaona mgongo wake. Wazee wakaitikia kwa vichwa, mwenyekiti kuliko wote, utadhani yeye ndiye aliyedarizi.

Kule nyuma Mama Sindano akasonya. Rahisi hivyo, baba? Anayekuongoza na anayekuacha, mgongo ni ule ule. Yeye alishautazama mmoja ukitoka mlangoni na redio.

Jumamosi iliyofuata alipiga deki kama kawaida, benchi kwa benchi, hadi madhabahuni. Alipokuwa amepiga magoti, magaga yalikuwa sawasawa na macho yake. Akakamua tambara.

"Nimekutengeneza vizuri," akamwambia. "Wamekukubali. Haya, geuka."

Akangoja. Maji yakakauka sakafuni. Nje mtu akapiga honi, akapita.

"Jeuri kama wanaume wenzako," akasema, akasogeza ndoo.

Lakini mfuko wa aproni yake ulikuwa na kibunda cha uzi wa kahawia, rangi ya uso wa mtu, na sindano iliyokwisha kutungwa.